Siku Baba Alipopanda Mashua

Enzi zetu, sisi watoto wa Magomeni ya Kilosa, Jumapili ilinukia lami. Baba aliichemsha kwenye kopo uani ili kuziba nyufa za mashua, mama akilalamika kwamba wali wake utanukia gereji. Watoto wengine walikwenda stesheni kutazama treni. Mimi na pacha wangu Kulwa tulikuwa watoto wa chama cha mashua.

Ndiyo, mashua, huku bara! Baba na wenzake walitoka ziwani wakaja Kilosa kulima na kufuga, na walichokikosa kuliko hata sato ni tanga likijaa upepo. Wakaanzisha chama. Mwenyekiti alikuwa Mzee Lukasi, mwenye nyumba ya wageni kule Mikumi. Alifika kwa lori, ameketi juu ya mbao za chama, na hakumpa mtoto pipi kabla hajasikia shikamoo iliyonyooka. Walikuwa na mashua mbili, na kila masika yakiisha walizishindanisha kwenye bwawa nje ya mji. Watu walitucheka mpaka wakachoka, kisha wakaanza kuja wenyewe na mihogo ya kukaanga na togwa.

Matanga yote alishona baba, kwa viroba vya sukari, mshono uliokaza kama wa kiatu. Lakini hakupanda hata mara moja. Alisimama ukingoni, mikono nyuma. Nyumbani tulijua sababu, ingawa haikuzungumzwa: zamani, mashua ilipinduliwa na dhoruba ziwani, baba akaokoka, mdogo wake akazama. Ndipo akahamia huku, akaapa kutokanyaga tena chombo.

Mwaka mmoja nahodha wa mashua yetu, ile tuliyoishangilia siku zote, aliamka na malaria. Mzee Lukasi akamwomba baba ashike usukani.

"Mimi nashona tu, Mwenyekiti," baba akajibu, macho chini.

Mama alikuwa karibu, anamenya chungwa. Yeye mzaliwa wa Magomeni, ziwa alilisikia tu redioni. Akampa Kulwa lile chungwa, akakaza kanga kiunoni, akaingia majini, akapanda mashua akakaa.

"Mama Kulwa, shuka!" baba akamaka.

"Sishuki."

"Unajua kuogelea wewe?"

"Sijui. Wewe unajua. Na tanga umelishona wewe. Kama hulitegemei, mbona kila mwaka unawapandishia watoto wa wenzio?"

Hata muuza mihogo akaacha biashara yake, akasogea ukingoni. Mimi nilikuwa nimemshika Kulwa mkono, nikiogopa kwamba leo tutabaki yatima. Baba akavua viatu taratibu, kama anayeingia nyumba ya msiba. Akapanda, akakamata usukani.

Kisha upepo ukashuka kutoka milimani, tanga likajaa, mashua ikaondoka. Katikati ya bwawa baba aliita kwa sauti jina ambalo hatukuwahi kulisikia kinywani mwake: la mdogo wake. Akaliita tena, analia, halafu anacheka. Wapinzani wetu wakamaliza mashindano, wakashuka, wakala mihogo, baba bado anazunguka. Tulishindwa vibaya mno. Mama aliporudi nchi kavu, amelowa chapachapa, alimgombeza kwamba kanga yake mpya imeharibika, naye baba akaitikia "ndiyo, mama" mpaka nyumbani.

Jioni ile, tukila ugali, alitusimulia habari za baba mdogo kwa mara ya kwanza: alivyoimba vibaya, alivyodokoa samaki wa watu motoni. Tulicheka mpaka tukapaliwa. Tangu siku hiyo tukawa na baba mdogo, ingawa alikuwa marehemu.

Sasa baba naye ametangulia. Bwawa limejaa tope, watu wamepanda mpunga. Chama kipo, lakini kimehamia kwenye simu: asubuhi picha ya maua, jioni picha ya mashua ya nchi nyingine. Kijana ukimtajia tanga, anakuuliza basi linaondoka saa ngapi. Siwalaumu. Wanaona maji ya dunia nzima kwa kidole kimoja, tena wameketi kwenye kochi. Ila sisi tulikuwa na dimbwi moja tu, na tuliyaona mengi pale. Natamani hata mmoja wao siku moja arudi nyumbani amelowa.