Koti la Rubani Lilivyofukizwa Udi

Mimi nna haya. Darasani mwalimu akiniita, ile "naam" yangu huishia kooni. Kwa hiyo yaliyonifika uwanja wa ndege wa kisiwani kwetu, siku mimi na Bibi tuliyokwenda harusini kwa dada yangu Dar es Salaam, nikiyakumbuka najifunika shuka.

Dada alikuwa akiolewa kesho yake, na hina ilikuwa apakwe jioni ile na bibi yetu, maana hakumtaka mwengine. Tulikatiwa tiketi za ile jeti ndogo ya abiria. Watu wa mtaani kwetu Mlandege walisema inafika Dar hujamaliza kutafuna tambuu. Nilikuwa sijapata kupanda ndege, na roho yangu yote ilikuwa kwenye tiketi ile.

Tulipofika, Bibi akaitazama ndege.

"Pangaboi zake ziko wapi?"

"Hii haina, Bibi," karani wa uwanja akamjibu kwa adabu. "Inasukumwa na moto, kule nyuma. Mpya kabisa hii."

"Mpya? Ishafukizwa?"

Karani akanitazama. Mimi nikatazama viatu vyangu.

Kwetu kitu kipya hakitumiki bila udi. Hata baiskeli ya mjomba ilifukizwa, ingawa wiki ile ile aligonga nayo mnazi. Bibi akafungua kikapu, akatoa chetezo na makaa. Karani akaruka kama aliyekanyaga siafu.

"Bibi! Pale pana mafuta! Tutaungua sote!"

"Basi mimi sipandi. Na mjukuu wangu hapandi."

Abiria wengine walikuwa washaanza kupanda. Nikamwona akilini dada bi harusi kule Dar, viganja vyeupe bila hina, analia.

"Labda umfukize rubani," karani akasema, akicheka.

Bibi hakucheka. "Hapo umesema. Mwenye kuiendesha ndiye. Mjukuu wangu, kamwombe koti lake."

Mimi! Nikaenda. Rubani alikuwa chini ya ngazi, mrefu, masharubu kama brashi ya viatu.

"Shikamoo."

"Marahaba. Umepotea?"

Maneno niliyoyapanga yote yakakimbia. Likabaki moja.

"Vua koti."

Akanitumbulia macho. Nikaonesha kwa kidole: Bibi, chetezo, karani kajishika kichwa. Rubani akaangua kicheko.

"Mke wangu wa Mtoni, wa hapa hapa kisiwani. Akisikia nimekataa udi wa bibi wa watu, sitolala ndani!"

Koti likatandazwa juu ya kiti jikoni kwa muuza kahawa, mbali na ndege, chetezo chini yake, Bibi akisoma dua bila haraka. Abiria walibandika pua madirishani. Rubani akapanda akinukia kama bwana harusi, nasi nyuma yake.

Ndege ilipoondoka Bibi alifumba macho, kanikaba mkono. Mimi niliona bahari, kisha mawingu, kisha minazi tena. Magurudumu yakagonga chini.

"Mbona inarudi? Wamesahau nini?"

"Tushafika, Bibi."

"Wapi?"

"Dar es Salaam."

Akachungulia dirishani. "Udi wangu wote ule! Kwa safari fupi hii ungetosha ubani wa bei rahisi."

Jioni dada akanyoosha viganja, Bibi akapaka hina huku akiwasimulia wanawake chumba kizima.

"Huyu mnamwona mkimya? Kamvua koti rubani!"

Vigelegele vikapasua dari. Mimi nilikuwa nshaingia chini ya kitanda.