Mgeni Siku Ishirini na Moja

Fundi wetu wa matangi ya samaki ana nyavu saba, mmoja kwa kila tangi. Ukichukua wa tangi la tatu ukauchovya kwenye la nne, hakufokei. Anakutazama tu kama mtu aliyekukuta unatumia mswaki wake. Mlangoni ameweka beseni la dawa ya kuua vijidudu, na hapiti mtu bila kukanyaga humo, awe mfagiaji awe bosi. Vidole vyake vimekunjamana kwa kunawa. Tena ana methali aliyoiharibu mwenyewe: "Mgeni siku ishirini na moja, ya ishirini na mbili mpe jembe." Maana kwake samaki mpya hukaa wiki tatu peke yake kwenye tangi la kando.

Bosi alipoleta samaki wake wa bei mbaya, akataka aingizwe papo hapo kwenye tangi kubwa lenye samaki mia nne, fundi alijibu kwa ile sauti yake ya msibani: "Sawa, bosi. Akimaliza siku zake." Bosi akanuna wiki nzima. Siku ya tisa mapezi ya mgeni yakaanza kuchanika kama kitambaa kilichooza; bakteria hao. Fundi hakusema "nilikuambia." Alimvutia bosi kiti mbele ya tangi la kando, akamwacha atazame. Bosi akatumbukiza mkono, akampapasa mgonjwa wake, kisha akainuka na kumnyooshea fundi mkono uleule, ungali unadondosha maji, amshukuru.

"Asante, bosi," fundi akasema, mikono yake mgongoni. "Ila huo mkono, leo ndiyo siku yake ya kwanza."