Kilo Tisini na Nane Zilizoshinda Elfu Kumi na Mbili

Wacha niwaambie mwenyewe, maana Litein yote inajua na mkiisikia kwa mwingine ataongeza chumvi: mimi ndiye karani aliyemwacha mama mkwe wake kwa kiti siku ya kupewa heshima, amevaa rinda jipya, mbele ya wanakwaya wenzake wote.

Kikundi chetu cha wakulima wa chai hufanya sherehe kila mwaka, na aliyepeleka zaidi ya kilo elfu tatu za majani mabichi huvishwa sinendet shingoni (ule mmea wa kutambaa ambao Wakipsigis huvisha washindi, na mimi Mkikuyu wa Kedowa niliyeolewa huku nimejifunza kuuheshimu). Kutoa majina ilikuwa kazi yangu. Mama mkwe alikuwa na kilo elfu kumi na mbili, amezichuma mwaka mzima huku mgongo ukimuuma, kwa hivyo sikuwa na wasiwasi naye hata kidogo.

Kosa langu lilikuwa urembo. Lile jedwali kwa kompyuta niliona liko uchi, nikabandika "kg" kando ya kila namba, likapendeza, halafu nikaiambia kompyuta inipe wote walio juu ya "3000 kg", kuanzia mwenye kilo nyingi, nikanakili majina peke yake nikaenda zangu nyumbani. Sikujua (nani angeniambia?) kwamba ukitia herufi pale, kompyuta inaacha kuhesabu, inapanga namba kama majina kwa rejista, inaangalia mwanzo tu: 98 inaanza na tisa, 12000 inaanza na moja, basi kwake 98 ndiyo kubwa.

Mwenyekiti akasoma. Wa kwanza, Mzee Langat. Watu wakatazamana, maana chai ya Mzee Langat ilipigwa na mvua ya mawe ikabaki vijiti, na mwaka mzima alipeleka kilo tisini na nane. Alitoka polepole, akavishwa, akalia. Nami nikapiga makofi (ndiyo, mimi) mpaka orodha ikaisha na mama mkwe bado amekaa, mkoba juu ya magoti, ananiangalia.

Nikasimama nikasema kosa ni langu. Mwenyekiti akataka Mzee Langat arudishe sinendet, na yule mzee akaanza kuivua, ndipo mama mkwe akainuka.

"Mwachie," akamwambia mwenyekiti. "Huyu amechuma kilo tisini na nane kwa shamba halina majani. Wewe ushawahi?" Halafu akanigeukia. "Na wewe Wanjiru, Jumamosi ukuje na kikapu. Nataka ujue elfu kumi na mbili inakaa aje kwa mgongo."

Wanakwaya wakamkatia sinendet mpya kwa ua wa hapo nje, wakamvisha, wakapiga vigelegele, na mimi nikalia kwa furaha na aibu pamoja.

Jumamosi nilienda. Kufika saa sita nilikuwa na kilo nane, yeye thelathini na moja, akacheka mpaka akakaa chini. Siku hizi namba zangu naziacha uchi, na orodha haitoki ofisini kabla sijaipitia kwa kidole, jina kwa jina, kilo kwa kilo. Shambani bado naenda kila Jumamosi, na sijafikisha hata nusu yake.