Abee, Mke Mwenzangu

Hili limenitokea mimi, na wala halikuwa usiku. Naanza na hilo kwa sababu nyie wapenda visa vya majini mnataka giza na paka mweusi. Kulikuwa na jua la utosi, kina mama wanatafuta pweza ufukweni, na mimi nina akili zangu timamu. Ukitaka kuamini, amini. Usipotaka, basi, sina nguvu za kubishana na mtu.

Nina gari la familia, la viti saba, lililotoka Japani likiwa limeshatumika. Ukiliwasha tu, kioo cha redio kinawaka na mwanamke anaongea Kijapani. Aliyewahi kununua gari la huko anamjua. Anasema maneno yake kwa adabu sana, halafu inatokea ramani ya kwao, na sisi tunaonekana tuko katikati ya bahari. Mke wangu Zainabu alimpa cheo siku ya kwanza. "Huyu mke mwenzangu," akasema. "Kaja na gari, Kiswahili hajui, nitamfundisha." Basi kila yule akiongea, Zainabu anaitika, "Abee, mke mwenzangu! Tumekusikia!" Na binti yetu Rehema kule nyuma anadakia, "Abee!" Tulikuwa tunacheka kutoka Mikindani mpaka Mtwara mjini.

Halafu Zainabu akaugua. Siku niliyompeleka hospitali nilimlaza kiti cha mbele, kajitanda kanga yake ya kijani, tangu alfajiri hajasema neno. Nikawasha gari. Yule mwanamke akasema maneno yake. Zainabu akafungua macho, akasema, "Abee." Taratibu, kama mtu aliyeitwa kweli. Sikumsikia tena akisema kitu. Tulifika hospitali, lakini yeye alikuwa ameshaondoka.

Utaniuliza, ulilia? Sikulia. Nilikufa ganzi mwili mzima, kama mguu uliokaliwa vibaya. Wakiniambia kula, nakula. Wakiniambia oga, naenda kuoga. Rehema naye akaacha kuongea. Ukimuuliza kitu anatikisa kichwa tu, mtoto wa miaka saba. Kazi yake ikawa kukaa kwenye gari lililoegeshwa, kwenye kiti chake cha nyuma.

Mama mkwe, anayekaa Msimbati, ndiye aliyelisema baada ya arobaini. "Mwanangu, mtoto wa pwani anafundishwa mambo mawili. Akiitwa, aitike. Na asimwitikie asiyemwona. Zainabu alilifanyia mzaha hilo la pili. Kitoe hicho kidude kabla mtoto hajamfuata mama yake."

Nikaenda kwa fundi redio mjini. Akanipangia mezani. "Bosi, hii ndogo ni redio na flashi tu. Hii kubwa ina ramani inayoongea Kiswahili, ina kamera ya nyuma, na vioo viwili vya kufunga nyuma ya viti, mtoto aangalie katuni." Nikamwambia hiyo kubwa. Angeniambia nifunge friji ningekubali. Ile ya zamani niliiona kwa macho yangu ikikatwa nyaya na kutupwa kwenye vyuma chakavu.

Jumamosi iliyofuata tukaenda Msimbati kumsalimia bibi yake Rehema. Njia naijua, ramani niliwasha kwa ajili ya Rehema, anapenda kuona ule mshale unatembea. Tulipopita Madimba, katuni zikazimika. Kioo cha redio kikawa cha buluu. Na yule mwanamke akaongea, Kijapani chake kilekile, kwenye redio mpya kabisa.

Rehema akacheka. Wallahi, alicheka kwa sauti, na mimi nilikuwa nimeusahau mlio wa kicheko chake. Niambie, ungekuwa wewe ungezima? Sikuzima.

Kisha sauti ikasema kwa Kiswahili, kata kushoto. Sasa mimi nilikuwa mtu wa kuambiwa. Nikakata. Ikasema endelea mbele, nikaendelea. Tukaingia ufukweni, mchanga wa kule ni mgumu, gari linapita. Ramani ilionyesha barabara pana, imenyooka. Nikawa naangalia kioo, siangalii mbele.

"Rehema."

Sasa haikuwa sauti ya mashine, wala ya Mjapani. Aliyeita ni Zainabu, kwa namna yake ya kuvuta ile e ya kati akiwa jikoni na anataka aletewe kitu.

"Abee, mama!" mtoto akajibu. Nikasikia mkanda umefunguka, na mlango wa ubavuni unaanza kuteleza.

Hapo ndipo ganzi iliponitoka. Nilikanyaga breki, nikajirusha nyuma, nikamkumbatia na kumziba mdomo. Sauti ikaita tena. Akaning'ata, alama hii hapa kiganjani, njoo uione. Sikumwachia. Ikaita mara ya tatu, taratibu, kama mtu anayekata tamaa. Kisha Mjapani akasema maneno yake kwa adabu, na kioo kikazimika. Maji yalikuwa yanaingia miguuni kwetu. Gari lilikuwa ndani ya bahari mpaka nusu ya matairi.

Wale kina mama wa pweza wakaja mbio, wakasaidia kusukuma. "Kaka, una wazimu? Tumekupigia kelele mpaka makoo yamekauka! Na wifi kashukia wapi?"

"Wifi gani?"

"Si huyo aliyekaa mbele na wewe, mwenye kanga ya kijani."

Nikageuka kukitazama kiti cha mbele.

Shehe alisoma, Rehema akanyweshwa kombe, maji ya aya za Kurani, na sasa anaongea kama kasuku, alhamdulillahi. Ila ukimwita haitiki. Anakuja kwanza mpaka mlangoni, anakutazama usoni, ndipo anauliza unataka nini. Mwalimu wake analalamika kwamba hana adabu. Nimemwambia amwache hivyohivyo, na wewe wa kwako mfundishe hivyohivyo, hata kama wageni watanuna.

Gari hilo Rehema hapandi tena, bibi yake kaapa. Redio nimeing'oa, pamebaki tundu na nyaya. Watu wananiuliza kwa nini siliuzi, nawaambia wateja hakuna. Uongo. Wateja wapo.

Zainabu alikaa pembeni yangu njia nzima, akamwita mtoto mara tatu, mimi hakuniita hata mara moja. Hilo ndilo linaloniuma. Siku hizi naliegesha kule ufukweni saa za jua kali, nakaa, kiti cha mbele nimekiacha wazi. Ukiniona hapo, pita zako. Usinisalimie wala usiniite jina langu kwa nyuma, maana nitaitika bila kugeuka kukuangalia.