Vanishi ya Anko

Mdomo wangu ulimgharimu anko shilingi elfu moja na mia tano. Nilikumbuka juzi, nilipoona basi dogo la maonyesho liking'aa dirishani mwa ofisi moja Westlands.

Anko alitengeneza mabasi kama hayo, marefu kama mkono wangu, kwenye veranda yetu Kileleshwa, nikiwa mtoto. Mchana mmoja alimimina kijiko kimoja cha vanishi kikombeni, akaongeza viwili vya thina. Nilihesabu mara mbili. Harufu ikanipanda kichwani, na nikajua anko ni mwizi, kama muuza maziwa wetu na maji yake. Kisha akaipuliza juu ya basi moja kwa bunduki ndogo ya rangi, fsss, fsss.

Ilipokauka, mteja akaja, mama mwenye mabasi ya kweli.

"Elfu tano, mama. Ndiyo rent yangu."

Anko alipoingia ndani kutafuta boksi, nilimnong'oneza yule mama, "Ameichanganya na maji."

Anko akarudi.

"Tatu na nusu, fundi, au baki nalo."

Anko alibembeleza bei mpaka akachoka, akapokea.

Leo najua vanishi isipozimuliwa kwa thina hukauka na vipele kama ganda la chungwa. Kila Krismasi anko humtukana yule mama mchoyo, nami namwongezea chai. Nimwambie, ama ninyamaze tu?