Kibuyu Hakikuwa cha Kunywa

Munanisumbua nini na hii mambo? Walimu wa Kalembe hawachoki: "Mama Godelieve, andikeni maisha yenu, watoto wasome." Mi nilifikia darasa la tatu tu, mukono unanichoka mbio. Lakini mukiandika ninyi mutanipamba, na kupambwa njo kuliniletea haya. Basi naandika mwenyewe.

Mi ni mutoto wa Walikale, upande wa Pinga. Baba alikuwa anatega nyama. Niliolewa huku Masisi kwa watu wa maharagi na mihogo, na hakuna muntu anazarau shamba yangu. Sikuzaa. Wakati wa vita nilikimbia porini na mutoto wa jirani, Esdras. Mama yake alipotea njiani. Tumbo likamufunga, likawa gumu kama ngoma, analia tu. Nikachemsha majani, nikachukua kibuyu changu kidogo chenye mukia mwembamba. Kila mama wa huku anajua kazi ya kibuyu vile. Ni cha lavema. Nikamulaza mutoto kwa magoti yangu, nikamutia dawa kwa nyuma. Kesho yake alitembea akiimba.

Huyo Esdras akasoma, akaenda Goma, akawa mwandishi wa romani, hadithi ndefu za kutunga. Mwaka jana alirudi na kitabu chake. Kiko kwa Kifaransa, kwa hiyo Papa Floribert, katekista wetu, alikisoma kanisani akitugeuzia kwa Swahili. Ndani muko bibi muzee, nywele nyeupe kama moshi, anakaa peke yake mutoni, hasemi mengi. Anamupa kijana kibuyu. Kijana anakunywa, woga unamutoka, anavuka pori yote.

Esdras akasimama. "Yule bibi wa kibuyu iko pale, kwa benchi ya pili!"

Watu wakapiga mikono. Ningesema pale pale. Lakini Papa Floribert aliniinamia kichwa, na hata Rosalie, jirani yangu mwenye kunichekaka tangu tuko mabibi arusi, alinyamaza. Nikatengeneza kitambaa changu, na mi nikanyamaza.

Inje nikamuvuta Esdras.

"We mutoto, umesahau ile dawa ilipita wapi?"

Akaangalia huku na huku. "Mama, semeni pole pole. Kwa hadithi, muzee mwenye kuonyesha njia lazima atoe kitu. Iko vile kwa kila kabila, tangu zamani."

"Ungetoa chikwange ya mihogo basi, ale!"

"Na yule bibi si ninyi peke yenu, mama. Nywele ni za mwalimu wangu wa zamani. Kunyamaza ni kwa pasta mumoja wa Goma."

"Nilijua kunyamaza si kwangu. Na kibuyu?"

"Kibuyu ni chenu."

Tangu siku ile watu walinisalimia na mikono mbili. Naandika hii na uso unawaka: nilitoa kibuyu nyuma ya jikoni, nikakitundika kwa salon.

Halafu mama mumoja kijana, Plamedi, mwenye kusikia habari ya kitabu, akafika na moto, ile pikipiki, toka Pinga, mutoto wake Noël kwa mugongo, anawaka homa, macho yanageuka. Kwangu tulikuwa tunapura maharagi, wamama wengi, na Rosalie kati yao.

"Bwana wangu alisema twende hospitali ya Mweso moja kwa moja," Plamedi alisema. "Mi nikakatala. Nikasema kwanza kwa Mama wa kibuyu. Munipe anywe kidogo tu."

Wamama wote waliniangalia.

"Mwanangu, kile si cha mudomo."

"Ni cha wapi?"

"Cha matako. Cha lavema. Esdras alikibadilisha kwa kitabu."

Rosalie njo alianza. "Yoo! Shujaa alikunywa na matako!" Wakaanguka juu ya maharagi wakicheka. Kicheko ile ningeiweza, nimezoea mudomo ya Rosalie. Lakini Plamedi hakucheka.

"Mama, mulijua, na mukaacha tuje?"

Nilipanda nyuma yake kwa ile moto, tukaenda Mweso. Malaria, damu imeisha. Wakamutia ingine, na mutoto akapona. Siku ya kutoka, Plamedi aliaga muforomo mwenye kumutia mutoto sindano, akaaga papa mwenye kufagia, akapita mbele yangu kama vile mi ni ukuta. Hakunikosea.

Nilimupigia Esdras. Anasema kitabu kimeshaenda mbali, hakirudishwi. Basi we unayesoma hapa, kama uko nacho ao jirani yako iko nacho, chukua bic leo. Kwa ukurasa wa kibuyu, andika pembeni na herufi kubwa: MUTOTO MUGONJWA, HOSPITALI. Kisha musomee muntu asiyejua kusoma. Usiniambie umeelewa. Andika.