Vuta Kwanza Nyasi za Kiota

Nakumbuka asubuhi ile ya mwezi wa tatu, shamba letu la mteremkoni kule Mapera limeota nyasi mpaka kiunoni, na moyo wangu, mjukuu, unarukaruka kama chura kwenye ndoo. Wachumba wawili walikuwa wanakuja kutulimia siku moja! Jumapili, baada ya misa, baba alitaka jibu: ni Kosmas au ni Hyasinti. Mimi jibu nilikuwa nalo tayari. Nilikuwa nalo tangu nilipoliona shati.

Shati la Kosmas, jamani! Njano, njano ya kuumiza macho, kola imesimama kama masikio ya sungura. Alikuja nalo shambani hivyohivyo, mkono mmoja mfukoni, anapiga mluzi. Nyuma yake akaja Hyasinti, mfupi, kimya, suruali imeshonwa hapa na pale. Aliweka nyengo yake ya kufyekea chini kwanza, ndipo akamsalimia bibi yangu, "Shikamoo, bibi." Na mimi, kwa ujinga wa miaka kumi na tisa, nikapaza sauti:

"Hyasinti, hiyo suruali ina viraka, au viraka ndivyo vina suruali?"

Watu wakacheka. Yeye akasema tu, "Kiraka kinashika, dada. Noa jembe."

Wewe umekulia Mbinga mjini, ngoja nikukumbushe kazi ya ngolo. Mwanaume anafyeka nyasi, kisha anazilaza mistari inayokatana, zinakuwa vyumbavyumba mteremko mzima. Mwanamke anafuata na jembe, anachimba katikati ya kila chumba na kufukia zile nyasi kwa udongo. Linabaki shimo. Mvua ikija, shimo linashika maji, udongo haukimbii, maharage yanakaa. Nyasi zikilazwa ovyo, mwanamke anachimba bure. Ndiyo maana kwetu mchumba alipimwa shambani.

Bibi akampa kila mmoja upande wake. Mimi, bila kutumwa, nikakimbilia upande wa shati; bibi na wanawake wengine wakamfuata Hyasinti na majembe yao. Kosmas alifyeka kwa mbwembwe, nyengo inazunguka hewani, kila mara anageuka kuona kama namtazama. Namtazama sana! Nyasi zake zilikuwa chache, zimelala kombo, mimi nafukia huku nacheka.

Jua lilipopanda, bibi akanishika mkono, mkavu kama gome, akanishusha mpaka mtoni. Kulikuwa na mti umejaa viota vya ndege mnana. Kelele zake kama soko la Jumamosi! Madume ya njano yananing'inia chini ya viota, kichwa chini, mabawa yanapigapiga, kila mmoja anasema njoo kwangu, njoo kwangu.

"Unamwona yule anayewaka kuliko wenzake?" bibi akauliza. "Ameshiba huyo, na hana chawa. Ndege mgonjwa hang'ai. Rangi yake haidanganyi, maana ndege haazimi manyoya."

Nikafurahi. "Si ndiyo, bibi? Kumbe rangi ina maana!"

"Nyamaza, utazame jike."

Jike lenyewe halina makuu, la rangi ya majani makavu. Likatua kwenye kiota cha yule mng'aavu, likaingia, likatoka. Kisha likaanza kuvuta. Vuta unyasi huu, vuta ule, kwa mdomo, kwa nguvu! Unyasi mmoja ukachomoka, wa pili ukachomoka. Likaruka zake bila kuaga. Na yule dume, pamoja na njano yake yote, akakaa kidogo, akaanza kukibomoa kiota ajenge upya.

Bibi akanigeukia. "Ndege asiyesoma anavuta kwanza. Wewe mwenye akili umevuta nyasi za nani? Unataka kuolewa na shati!"

Nilikasirika, mwanangu. Nilinuna mpaka mdomo ukauma.

Alasiri mvua ikashuka, ile mvua yetu isiyo na huruma. Kesho yake asubuhi nikakimbia shambani peke yangu. Upande wa Hyasinti mashimo yamejaa maji, yanameta kama vioo, mamia! Upande wa Kosmas, yaani upande wangu, hakuna shimo. Kuna mfereji mwekundu, na udongo wetu umeshafika mtoni.

Bado nimesimama pale, akapita kijana kwa baiskeli. "Dada, Kosmas yuko wapi? Nimefuata shati langu, leo nasimamia harusi."

Shati lake! Nilicheka mpaka nikakaa kwenye tope. Wazee walisema nguo ya kuazima haisitiri matako, na mimi nilikuwa nataka kuolewa nayo.

Jumapili nikamwambia baba, Hyasinti. Lakini kwanza nilimwendea mwenyewe, nimeshika sindano na uzi. Nikamwambia, "Naomba radhi kwa maneno yangu. Leta hiyo suruali, kiraka cha goti naona kama kimeachia." Akaniangalia, akasema, "Kivute kwanza." Nikakivuta. Kilikuwa kimeshika.

Huyo ndiye babu yako. Na kahawa yetu ya kwanza ilipokubali, alijinunulia shati la njano la kwake mwenyewe. Aliwaka, mwanangu! Kanisa zima liligeuka!

Sasa juzi umenionyesha kwenye simu kijana wako, ameegemea gari, miwani usoni. Mzuri, sikatai. Sikuambii ukimbie rangi, hata bibi yangu hakuniambia hivyo. Rangi ya mtu mzima wa afya inapendeza, na macho tumepewa tutazame. Nakuambia uulize gari ni la nani, kisha uvute nyasi zake. Akikasirika kwa kuvutwa, kiota hakipo. Watakwambia mchagua nazi hupata koroma. Waambie huku kwetu hakuna minazi, kuna ngolo.

Mwezi wa tatu mlete. Nyengo ya babu yako ipo, nimeshainoa. Na Mungu akupe jicho la lile jike, akupe mume ambaye mvua ikipita, asubuhi utakuta mashimo yamejaa.